Panda mbegu ya tufaa hata kama unaishi kwenye joto

Ukisema mahali popote kwamba umepanda mbegu za tufaa, au epo kama wengi tunavyoita, na wewe unaishi ukanda wa joto, majibu huwa mawili tu. La kwanza utaambiwa mti wa mbegu hauzai tunda kama lile ulilokula. La pili utaambiwa tufaa linataka baridi ya nchi za theluji, huku kwenye joto litatoa majani tu basi. Yote mawili yana ukweli ndani yake, sibishi. Kinachoniuma ni kwamba watu wakishasikia hayo wanazitupa mbegu, wakati ukiyaweka pamoja hayo maneno mawili ndo unapata sababu nzuri kuliko zote ya kupanda mbegu. Ngoja nieleze taratibu.

Tuanze na hiyo baridi. Asili ya mtufaa ni milima ya Tian Shan, upande wa Kazakhstan, ambako mpaka leo kuna misitu ya matufaa ya porini, na baridi ya huko sio mchezo. Mti unaoishi mahali kama pale lazima uwe na namna ya kujilinda, kwa hiyo baridi ikiingia unapukutisha majani na macho yake, yale machipukizi madogo ya kwenye matawi, yanalala, na hayaamki eti kwa sababu jua limewaka siku tatu katikati ya msimu, maana yakiamka mapema yataunguzwa na barafu itakayorudi baadaye. Yanasubiri mpaka yapate masaa ya kutosha ya ubaridi, ule wa chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Aina nyingi zinazolimwa kwenye nchi za baridi zinadai masaa kama 800 mpaka 1,000, zingine zaidi ya hapo. Na mti usiopata masaa yake haufi, hapa ndo watu wengi wanakosea kufikiri. Unaishi vizuri tu, ila unavurugika: yanafunguka macho ya nchani peke yake, katikati ya tawi kunabaki kutupu, maua yanachomoza moja moja kwa miezi badala ya kutoka kwa pamoja, na matunda yanakuwa ya kubahatisha.

Ila kuna kitu kimoja kuhusu mtufaa nikikisoma upya kila mara nafurahi. Miti mingi ya nchi za baridi inajua msimu umebadilika kwa kuona mchana unafupika. Mtufaa sio hivyo. Wenyewe unalazwa na baridi, urefu wa mchana hauushughulishi sana. Maana yake ukiupanda mahali ambapo hakuna baridi ya kweli, haulali ule usingizi mzito kabisa, unaendelea kukua, unapumzika kidogo, unaendelea tena. Na mti ambao haujazama kwenye usingizi unaweza kuamshwa bila theluji yoyote.

Mfano mkubwa ni Batu, kule Java Mashariki nchini Indonesia, mahali ambapo majira ya theluji hayapo kabisa. Kule wakivuna matufaa wanaacha mti upumue kidogo halafu wanapita tawi kwa tawi wanapukuta majani yote kwa mkono. Mti ukibaki uchi, macho ambayo tayari yalishatengeneza maua ndani yake yanafunguka kabla hayajalala, na mzunguko unaanza upya. Wanavuna mara mbili kwa mwaka, na moja ya aina walizozizoea ni Rome Beauty, aina iliyotoka Ohio, Marekani, wala haikuzaliwa nchi ya joto. Kwa hiyo mtu akisema haiwezekani, mwambie inawezekana, inafanyika kibiashara, tena kwa miaka mingi.

Sasa tuje kwenye lile jibu lingine, la mbegu kutokuzaa tunda lilelile. Ni kweli kabisa. Mtufaa kwa kawaida hauwezi kujichavusha wenyewe, ua linakataa chavua yenye vinasaba vya aina ileile, kwa hiyo karibu kila mbegu unayoitoa kwenye tunda ina mama unayemjua na baba usiyemjua. Nyuki ndo anajua alitoka wapi. Mashamba mengi makubwa hupanda pia matufaa pori yenye vitunda vidogo kama wachavushaji tu, kwa hiyo baba anaweza kuwa mojawapo wa hao, na hapo usishangae mche wako siku moja kukuzalia vitunda vidogo vyenye ukakasi. Na mbegu za tunda moja, ambazo kwa kawaida zinafika hata 10, ni ndugu wa tumbo moja: mmoja mrefu, mwingine mfupi, mmoja mpole, mwingine mkali, na huwezi kujua kwa kuwaangalia wakiwa wachanga.

Lakini sikiliza, tofauti hizo haziishii kwenye utamu na rangi. Kiasi cha baridi ambacho mti unadai nacho kinarithiwa. Ndani ya mbegu zako kuna itakayodai baridi nyingi kuliko mama yake, na kuna inayoweza kudai kidogo zaidi. Ukinunua mti uliobebeshwa wa aina maarufu, yaani kijitawi cha aina hiyo kilichounganishwa kwenye shina la mti mwingine, unapata kitu kilekile kila mara, ambacho kilichaguliwa na watu wa mahali pengine, kwa hali ya hewa nyingine. Ukipanda mbegu unapata kitu ambacho hakijawahi kuwepo duniani, na anayekichagua ni hali ya hewa ya kwako. Sioni njia nyingine ya kupata mtufaa ambao ni wa mahali ulipo kweli.

Na sio nadharia. Ile aina inayoitwa Dorsett Golden, ambayo leo ni nguzo ya watu wanaolima matufaa kwenye joto, ilitokana na mche wa mbegu huko Bahamas, kisiwani, ambako hakuna baridi ya kusema. Anna ni ya Israel, iliyozalishwa kwa makusudi na Abba Stein kwenye kibbutz, yaani kijiji cha ushirika, ya Ein Shemer kwa kutumia Golden Delicious kama mzazi mmoja, na inaridhika na masaa kama 200 hadi 300 tu. Halafu kuna HRMN-99 ya India, hii ndo naipenda kuliko zote. Hariman Sharma, mkulima wa wilaya ya Bilaspur kule Himachal Pradesh, aliona mche ulioota kwenye mbegu za matufaa zilizotupwa nyuma ya nyumba mwaka 1998, sehemu ya chini yenye joto ambako kila mtu alijua matufaa ni ya milima ya juu. Hakuung'oa. Akautunza, ukazaa, akaanza kuubebesha na kuusambaza, na leo aina hiyo imepandwa sehemu nyingi za India zenye joto kali. Mwaka 2025 serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri. Mbegu zilizotupwa jamani!

Sitaki kumdanganya mtu hapa. Vituo vya utafiti hupanda maelfu ya miche na kubakiza michache mno, na wanafanya hivyo wakiwa wamechagua wazazi wote wawili. Wewe mwenye miche michache kwenye viriba uwezekano mkubwa ni kupata tunda la kawaida, au kali, au linalofaa juisi na jemu tu. Ukitaka tunda la uhakika na la haraka, tafuta Anna na Dorsett Golden zilizobebeshwa, zipande pamoja maana zinachanua karibu wakati mmoja na zinachavushana, halafu mbegu uziweke pembeni kama kazi ya pili. Na tena ukishakuwa nazo hizo mbili, matunda yake ndo chanzo bora cha mbegu kuliko tunda lolote lililosafiri kutoka mbali, kwa sababu wazazi wote wawili hawadai baridi nyingi. Kama huna, tumia mbegu za matufaa yoyote uliyonayo lakini kwepa aina kama Jonagold na Mutsu, hizo zina seti 3 za kromosomu badala ya 2 na mbegu zake nyingi ni dhaifu au hazina kitu ndani.

Kuotesha sasa. Hapa ndo watu wengi wanakata tamaa, na wanakata tamaa bure. Mbegu yenyewe nayo inalala, na inadai baridi yake yenyewe hata kama mti utakaotoka hautadai sana. Ukiichimbia tu kwenye udongo wa joto inaweza kukaa mpaka ioze. Dawa yake ni friji. Toa mbegu, osha utelezi wote wa tunda kwa maji, loweka usiku mmoja, halafu zifunge kwenye karatasi laini yenye unyevu au mchanga msafi wenye unyevu, weka kwenye mfuko au kikopo chenye mfuniko na uiweke sehemu ya kawaida ya friji, sio friza. Nyuzi 3 mpaka 5 zinatosha. Siku 60 mpaka 90. Unyevu tu, sio maji ya kuelea, maana mbegu inahitaji hewa na maji mengi yanaleta ukungu. Kila wiki fungua uangalie, ukiona ukungu osha mbegu, badilisha karatasi, endelea. Mbegu za matunda yaliyokaa muda mrefu kwenye stoo za baridi huwa zimeshapata sehemu ya baridi yao ndani ya tunda, ndo maana mara nyingine unakata tunda unakuta mbegu imeshatoa kamzizi, hiyo panda siku hiyohiyo.

Jambo moja kwa sisi wa kwenye joto: mbegu ambayo haijamaliza muda wake wa baridi ikipatwa na joto kwa siku kadhaa inaweza kurudi usingizini na ukalazimika kuanza kuhesabu upya. Kwa hiyo kama umeme unakatikakatika, ziweke chini kabisa nyuma ya friji, katikati ya chupa za maji baridi, zitahimili vizuri.

Na usiwe na haraka ya kuzitoa. Watu wanamenya ganda la mbegu kwa ukucha na inaota kweli ndani ya siku chache, ila mche ulioota bila kupata baridi ya kutosha mara nyingi unadumaa, majani yanajikusanya pamoja kama ua, shina halirefuki, unamwagilia na kuweka mbolea na hakuna kinachobadilika. Mtu anadhani udongo ni mbaya kumbe mbegu ilikatishwa usingizi. Subiri mpaka vimizizi vyeupe vianze kujitokeza vyenyewe, ndo upande, kina cha sentimita 1 au 2 hivi, kwenye mchanganyiko unaopitisha maji, udongo wa juu, mchanga, na mboji iliyoiva vizuri. Samadi mbichi hapana. Mche mchanga wa tufaa unakufa sana kwa kinyausi, ule ugonjwa wa shina kulainika usawa wa udongo na mche kulala chini, na kinachouleta ni maji mengi pamoja na hewa isiyozunguka. Mwagilia asubuhi, acha juu pakauke kidogo, kivuli chepesi kwa wiki za mwanzo, basi.

Usibakize mche mmoja. Hili nalisisitiza kwa sababu zaidi ya moja: huwezi kuchagua kama huna cha kuchagua, na pia mtufaa unahitaji mwenzake mwenye vinasaba tofauti ili uzae. Miche yako ya mbegu tayari inatofautiana, kwa hiyo inasaidiana yenyewe kwa yenyewe.

Kuanzia hapo angalia. Mimi hii sehemu ndo inanifurahisha kuliko hata matunda, kukaa na miche na kuisoma. Ndani ya mwaka wa kwanza utaona tofauti kubwa kabisa, kuna mche ambao majani yake yanapata ubwiri unga, ule unga mweupe unaokunja majani ya juu, wakati jirani yake uliopakana nao hauna hata doa. Kuna unaotoa madoa meusi mvua ikizidi, na kuna usioguswa. Kuna unaoshambuliwa na vidukari wenye sufu nyeupe wanaojificha kwenye mikunjo ya matawi na hata kwenye mizizi. Usikimbilie kupuliza dawa kwenye kila kitu. Kwenye joto na unyevu magonjwa ya fangasi ndo mtihani mkubwa kwa mtufaa, pengine kuliko hata ukosefu wa baridi, na mche unaougua kila msimu ukiwa mdogo hautageuka shujaa ukikua. Ng'oa, au uutumie kama shina la kubebeshea aina nyingine. Angalia pia namna mche unavyotoa matawi. Ule unaofungua macho hadi chini ya tawi, sio nchani peke yake, ndo unaokuonyesha kwamba haudai baridi nyingi. Weka lebo ya kudumu, ya bati au plastiki iliyokwaruzwa kwa msumari, maana wino unafutika na baada ya miaka hutakumbuka upi ni upi.

Miaka mingapi? Kwenye nchi za baridi mti wa mbegu unachukua kama miaka 5 mpaka 10 kabla haujachanua, na hii inawatisha wengi. Ila kumbuka nilichosema kuhusu mtufaa kutokulala. Mti mchanga haukomai kwa kalenda, unakomaa kwa ukuaji, yaani lazima shina lifikishe idadi fulani ya vifundo, pale majani yanapochomoza, ndo uwezo wa kutoa maua unakuja. Ndo maana wazalishaji wa aina mpya huko baridini wanaikuza miche kwenye nyumba za vioo zenye joto bila kuiruhusu isimame, ili wafupishe kusubiri. Sisi hiyo nyumba ya kioo ni hewa yenyewe ya nje. Mche wako ukipata maji na chakula mwaka mzima unaweza kukuwahishia, na hili kwangu ni zawadi ambayo watu wa ukanda wa joto hatujaitumia vya kutosha.

Kwa hiyo usipogolee hovyo miaka ya mwanzo. Ukikata kilele kila mara unaurudisha nyuma, wakati unatakiwa upande juu ukomae. Ukishafika urefu wa kutosha na majani ya juu yakaanza kuwa mapana na mazito kuliko yale membamba ya utotoni, hapo anza kuinamisha matawi, yafunge kwa kamba yalale kwa ubapa au karibu na hapo. Tawi lililosimama wima linafikiria kurefuka tu, lililolala linaamsha macho ya katikati na kuanza kutengeneza maua. Halafu tumia msimu wa kiangazi, punguza maji mti upumzike, baadaye pukuta majani kama wanavyofanya Batu, rudisha maji. Usipukute mti mchanga ambao bado unajijenga, wala mti mgonjwa, utauua.

Kuna njia nyingine ya kuwahi ambayo ni nzuri zaidi kama unajua kubebesha: chukua kikonyo, yaani kijitawi cha kubebeshea, cha mche wako ukibebeshe kwenye shina fupi linalowahisha kuzaa, kama M9, au kwenye tawi la mtufaa mkubwa unaozaa tayari. Ila kikonyo kitoke juu kabisa, kwenye ncha ya mti. Sehemu ya chini ya mti wa mbegu inabaki na utoto wake hata mti ukiwa mkubwa, na machipukizi ya pale chini yenye vimiiba ukiyabebesha yanaanza kusubiri upya.

Tunda la kwanza lisikukatishe tamaa wala lisikupe kiburi. Mazao ya mwanzo mara nyingi ni madogo na hayana ladha kamili, subiri misimu miwili mitatu ndo uamue. Rangi nyekundu nayo usiitegemee sana, inahitaji usiku wa baridi, kwa hiyo tufaa linaweza kubaki la kijani na njano huku ndani likiwa tamu ajabu. Onja, usihukumu kwa macho.

Na ukipata mti uliokubali, wenye majani safi na tunda unalolipenda, kazi yako ya kwanza ni kuutawanya. Kuna tufaa la Uingereza linaitwa Bramley, mbegu yake ilipandwa mwaka 1809 na msichana Mary Ann Brailsford kule Southwell. Mti ukaja kuwa mali ya mtu aliyenunua nyumba baadaye, Matthew Bramley, na mkulima wa miche alipoomba vikonyo mwaka 1856 akaruhusiwa kwa sharti tunda liitwe kwa jina la mwenye nyumba. Mary Ann alikuwa ameshafariki, hakujua kamwe alichokianzisha. Mti wenyewe ule wa kwanza ukaja kushikwa na fangasi wa mizizi, lakini Bramley lipo kwa sababu vikonyo vyake vilishasambaa. Kwa hiyo usikae na mti mmoja ukijisifia. Kata vikonyo, bebesha kwenye mashina matatu manne, mpe mtu anayeishi mbali na wewe, sehemu ya juu kidogo au ya chini kidogo kuliko kwako, na umwandikie kwenye lebo jina la aliyepanda mbegu.